Kushuka ghafla kwa kasi ya kadi ya michoro

Kushuka ghafla kwa kasi ya kadi ya michoro ni hali ambapo kichakataji cha kadi hiyo hupunguza mapigo yake kwa muda mfupi, kuanzia sehemu ya sekunde hadi sekunde kadhaa, kisha kurudi kwenye kasi ya awali. Mchezaji wa michezo ya kompyuta huiona kama picha inayokwama kidogo halafu ikaendelea. Huwapata pia wanaotumia kadi hizo kuhariri video au kuchora ramani za majengo.

Mara nyingi hali hii si ubovu. Kadi yenyewe imepunguza kasi kwa sababu maalumu, na kwa kawaida sababu hiyo husomeka kwa programu ya bure. Kwa kuwa kadi ya michoro huwa miongoni mwa vifaa ghali kuliko vyote ndani ya kompyuta ya michezo, inafaa kuisoma sababu hiyo kabla ya kununua au kufungua chochote.

Jinsi kasi inavyopangwa

Kasi hupimwa kwa megahezi (MHz), yaani mapigo milioni moja kwa sekunde. Kadi za zamani zilikuwa na viwango vichache vya kasi vilivyowekwa kiwandani. Mwaka 2012 kampuni ya Nvidia ilitoa kadi ya GeForce GTX 680 yenye utaratibu uitwao GPU Boost: kadi huangalia joto lake, volti na umeme inaotumia, kisha hupandisha kasi hadi pale inapoweza. Kadi za AMD nazo zina utaratibu unaofanana na huo.

Kwa hiyo kasi isiyotulia ni jambo la kawaida. Kadi za GeForce za miaka ya karibuni hushuka kwa hatua ndogo za takriban 15 MHz kadiri zinavyopata joto, na hakuna mchezaji awezaye kuona tofauti hiyo kwa macho. Kinachohitaji uchunguzi ni mshuko mkubwa, kwa mfano kutoka 1,900 MHz hadi 1,200 au hata 300, unaotokea wakati uleule picha inapokwama.

Kutafuta sababu

Programu za GPU-Z, HWiNFO na MSI Afterburner huonyesha kasi, joto, umeme na kiwango cha kazi, na huweza kuandika vipimo hivyo katika faili mchezo ukiendelea. Kwa kawaida husoma mara moja kwa kila sekunde moja au mbili, hivyo mshuko mfupi unaweza kupita bila kuonekana. Ni vema kuzipanga zisome mara nyingi zaidi. Kwa kadi za Nvidia, GPU-Z ina mstari wa PerfCap Reason unaotaja kinachoizuia kadi: Thrm ni joto, Pwr ni kikomo cha umeme, na VRel huonyesha kwamba volti ndiyo mpaka, jambo ambalo ni la kawaida kwa kadi yenye afya.

Kipimo cha kwanza kutazamwa ni kiwango cha kazi. Kikishuka pamoja na kasi, kadi haikuzuiwa na kitu, ilikosa kazi. Huenda kichakataji kikuu kimezidiwa, diski inachelewa kupakia sehemu mpya ya mchezo, au idadi ya picha kwa sekunde imewekewa kikomo. Kubadilisha kadi hapo hakusaidii chochote. Ikiwa kasi na idadi ya picha havikuyumba kabisa ila wachezaji wengine wanarukaruka kwenye kioo, tatizo ni la intaneti.

Kioo kikiwa cheusi kwa muda kabla ya picha kurudi, kuna uwezekano kwamba kiendeshi cha kadi kimeanguka. Windows huisubiri kadi sekunde 2, kisha hukianzisha upya na kuandika tukio namba 4101 katika kumbukumbu zake. Hapo hufutwa kiendeshi na kuwekwa kipya, na kasi iliyoongezwa na mtumiaji hurudishwa ya kiwandani.

Joto na vumbi katika nyanda za kati

Kadi nyingi za GeForce zimepangiwa kikomo cha karibu 83 °C, na zikikifikia hupunguza kasi. Joto la kadi hufuata la chumba: inayotulia kwenye 70 °C katika chumba cha 22 °C itafika karibu 79 °C chumba kikiwa na 31 °C, hali ya kawaida mchana wa Novemba mjini Dodoma. Mji huo uko takriban mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, na kwa joto lilelile hewa yake ni nyepesi kwa karibu asilimia 12 kuliko ya Dar es Salaam. Feni ileile huondoa joto kidogo zaidi pwani. Kwa upande mwingine, usiku wa Juni na Julai mjini Dodoma huwa na baridi, na kadi inayosumbua mwezi Novemba inaweza kunyamaza kabisa miezi hiyo, mteja akadhani imepona.

Adui mkubwa zaidi ni vumbi. Kiangazi huanza Mei hadi Novemba, pepo ni kali, na vumbi laini hujaa kati ya mapezi ya alumini yanayopoza kadi. Husafishwa kwa brashi laini na blowa ndogo, kompyuta ikiwa imezimwa na kuchomolewa, huku feni ikishikiliwa kwa kidole isizunguke. Pampu ya upepo ya mafundi pancha haifai: ina nguvu nyingi mno na hutoa matone ya maji.

Kadi zenye kumbukumbu ya aina ya GDDR6X, kama RTX 3080 ya mwaka 2020, zinaweza kudanganya: kichakataji kinasoma 65 °C huku kumbukumbu ikikaribia 110 °C, kiwango ambacho hulazimisha kasi kushuka. HWiNFO huonyesha vipimo vyote viwili. Jambo hili ni muhimu kwa anayenunua kadi iliyotumika, kwani nyingi zilichimba sarafu za kidijitali hadi Septemba 2022, Ethereum ilipoacha uchimbaji, na pesti ya kupitishia joto huenda imekauka.

Umeme

Umeme wa gridi hulaumiwa upesi kuliko unavyostahili. Pawa saplai nzuri hupokea volti 100 hadi 240, na umeme ukikatika hushikilia kwa takriban milisekunde 16. Ukizidi hapo kompyuta huzima au kujiwasha upya, haishushi kasi ya kadi tu. Lawama huelekea zaidi kwa pawa saplai yenyewe ikiwa ni dhaifu, au kwa nyaya. Tundu la ubao mama hutoa hadi wati 75, kiungio cha pini 6 wati 75 na cha pini 8 wati 150. Waya mmoja uliogawanywa kulisha viungio viwili hushusha volti, wakati laini ya volti 12 haitakiwi kuwa chini ya 11.4.

Jaribio rahisi ni kupunguza kikomo cha umeme cha kadi hadi asilimia 80 kwa MSI Afterburner. Mishuko mikubwa ikikoma, chanzo ni joto au umeme. Ikibaki vilevile, uchunguzi hurudi kwenye kiendeshi na kichakataji kikuu.