Taa ya kamera husema kweli?

Wadau, juzi mama mmoja wa Nyamira alikuja hapa Kisii mjini na laptopu ya mtumba aliyomnunulia bintiye. Swali lake lilikuwa moja: taa ya kamera isipowaka, ina maana hakuna anayemtazama mtoto?

Nikamsimulia ya Lower Merion, Marekani. Wanafunzi waliopewa MacBook na shule waliona taa ya kijani ikiwaka ghafla na kuzima. Wakaambiwa ni hitilafu. Kumbe shule iliwapiga picha wakiwa nyumbani! Ikashtakiwa 2010, ikalipa dola 610,000.

Angalau taa ile haikudanganya. Mwaka 2013, Brocker na Checkoway wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walionyesha kwamba kamera za MacBook za hadi mwaka 2008 hivi zinaweza kupiga picha taa ikiwa imezimwa. Waya uliozima taa ndio uliopeleka amri ya kuilaza kamera. Wao wakabadilisha programu iliyomo ndani ya kamera ili ipuuze amri hiyo. (Wajanja hao!)

Simu nazo zilipata alama ya kijani: iOS 14 mwaka 2020, Android 12 mwaka 2021. Lakini hiyo huchorwa na programu, na mimi programu nazijua.

Mama nilimbandikia kipande cha plasta juu ya kamera. Hakulipa kitu.