Udongo na Watu wa Uluguru

Atazamaye milima ya Uluguru kutoka mjini Morogoro huona miteremko mikali na vishamba vidogo ambavyo mvua huchukua udongo wake. Ndivyo walivyoona mabwana shamba wa serikali ya Kiingereza, wala hawakukosea. Walakini mpango wao wa kuhifadhi ardhi, ulioanza karibu na mwaka 1950, ulimlazimisha mkulima kuchimba matuta ya ngazi, naye asiyechimba aliadhibiwa. Mahali pengi ngazi zile zilifukia udongo mwema zikafunua ule wa chini usio na rutuba. Mkulima alichoka mgongo, kisha akavuna haba.

Liko na jambo lisiloonekana kwa macho. Ardhi ya Waluguru ilikuwa ya lukolo, yaani ukoo wa upande wa mama, na wengi walilima kwa ruhusa tu katika ardhi ya ukoo mwingine. Nani basi angejenga ngazi za kudumu penye ardhi ya wenyewe? Swali hilo lilihitaji kuketi barazani na wazee, si kupima miteremko tu.

Mwaka 1955 ghasia zilizuka Matombo, roho ikapotea, na mpango ukaachwa. Uchunguzi wa Roland Young, mwalimu wa siasa kutoka Marekani, na Henry Fosbrooke, juu ya ardhi na siasa za Waluguru, ulitoka kitabuni mwaka 1960. Huyu Fosbrooke, ajabu, alikuwa amekwisha kuwa mtaalamu wa elimu ya jamii katika utumishi wa serikali ileile ya Tanganyika.