Boriti za chuma zinazobadilishwa baada ya tetemeko: zinafanyaje kazi?

Tetemeko la Februari 22, 2011 liliua watu 185 katika mji wa Christchurch, New Zealand. Majengo mengi marefu hayakuanguka siku ile. Lakini miaka iliyofuata, majengo zaidi ya 1,000 ya katikati ya mji yalibomolewa, mengi yakiwa bado yamesimama.

Kwa nini ubomoe jengo lililostahimili tetemeko? Kanuni za ujenzi kwa kawaida zinalenga kwanza watu watoke wakiwa hai. Jengo lenyewe linaruhusiwa kuumia. Likishaumia kwenye nguzo na viungo vyake, gharama ya kulitengeneza inaweza kukaribia ya kujenga upya. Bima inalipa, matingatinga yanaingia.

Boriti ya kubadilishwa inajaribu kumaliza tatizo hilo. Ifikirie kama fyuzi ya umeme: inaungua yenyewe ili friji yako ipone, kisha unaweka nyingine.

Fremu ya chuma ina nguzo zilizosimama, boriti zilizolala kati ya nguzo, na vyuma vya mshazari vya kuzuia jengo lisiyumbe sana. Katika mfumo huu, wahandisi hawakutanishi vyuma vya mshazari sehemu moja kwenye boriti. Wanaacha kipande kifupi katikati, na hicho ndicho fyuzi.

Ardhi ikitikisika, kipande hicho kinapinda huku na huku na kula nguvu ya tetemeko, ambayo inageuka kuwa joto. Chuma kinavumilia kupindishwa hivyo mara nyingi kabla hakijakatika. Sehemu nyingine za fremu zinatengenezwa imara kuliko kipande, kwa hiyo chenyewe ndicho kinachoumia kwanza. Wazo la fremu hizi lilifanyiwa utafiti miaka ya 1970 na Profesa Egor Popov na wenzake, Chuo Kikuu cha California, Berkeley.

Christchurch ilikuwa na mfano hai: Pacific Tower, jengo la ghorofa 22 lililokuwa jipya kabisa tetemeko lilipopiga. Vipande vyake vilipinda na kuharibika. Jengo halikubomolewa. Mafundi walikata vipande vilivyoharibika na kuchomelea vipya, na mwaka 2013 hoteli iliyomo humo ilifunguliwa tena.

Tatizo ni kwamba vipande vile vilikuwa sehemu ya boriti yenyewe. Kukata na kuchomelea chuma kizito ndani ya jengo lililokwisha kamilika si kazi ya mchezo. Ndiyo maana muundo mpya unafunga kipande kwa bolti kwenye ncha zote mbili: kikiharibika kinafunguliwa, kinawekwa kingine. Baadhi ya majengo yaliyojengwa upya Christchurch yanatumia mfumo huu.

Kwenye karatasi inaonekana rahisi mno. Jengo likibaki limeinama baada ya tetemeko, matundu ya bolti hayalingani tena na kipande kipya hakiingii. Kukitoa cha zamani husaidia, kwa sababu fremu iliyokuwa imebanwa inajirudisha kiasi, ila si lazima irudi yote. Sakafu ya zege iliyo juu ya boriti nayo inaweza kupasuka na kuhitaji kazi yake.

Madaraja pia yanatumia mbinu hii. Mnara wa daraja jipya la San Francisco-Oakland, lililofunguliwa 2013, una miguu minne iliyounganishwa kwa boriti fupi zilizowekwa ziharibike badala ya mnara.

Kwa Afrika Mashariki, teknolojia hii inahusu zaidi majengo marefu ya fremu za chuma, na mengi ya ghorofa zetu ni ya zege. Tetemeko la Bukoba la Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliangusha hasa nyumba za matofali na udongo. Nyumba za aina hiyo hazina fremu ya kuwekea fyuzi. Zinachohitaji ni kuta zilizofungwa vizuri kwa nondo na linta inayozunguka nyumba nzima.