Fuvu la Zinj na Mawe Yaliyokuwa Kando Yake

Tarehe 17 Julai 1959 Mary Leakey alikuwa akikagua mteremko mmoja wa Bonde la Oldupai, mumewe Louis yuko kambini anaumwa, akaona mfupa unachungulia udongoni na meno mawili makubwa yamekaza kwenye taya la juu. Mahali penyewe wataalamu hupaita FLK, na hiyo K ni korongo, neno letu wenyewe. Vipande viliunganishwa hadi likapatikana fuvu, nalo likaitwa Zinjanthropus boisei: Zinj kwa jina la kale ambalo Waarabu waliipa pwani yetu, boisei kwa ajili ya Charles Boise aliyechangia gharama za uchimbaji. Kwa kuwa zana za mawe zilitapakaa palepale, Louis alitangaza kwamba aliyezichonga amepatikana. Alikuwa ameharakisha. Mwaka uliofuata, si mbali na hapo, yalianza kutoka masalia ya zamadamu mwingine mwenye ubongo mkubwa zaidi, na mwaka 1964 Louis na wenzake walimwita Homo habilis na kumkabidhi zana zilezile. Zinj, mwenye ubongo wa sentimita za ujazo 530 hivi, akabaki jirani tu.

Atatokea wa kuuliza: wanaogeuza kauli hivi, tuwaamini kwa lipi? Tutenganishe kilichopimwa na kilichokisiwa. Louis alikisia fuvu lina miaka 600,000. Mwaka 1961 majivu ya volkano yalipopimwa kwa potasiamu na argoni, yalitoa miaka milioni 1.75, na umri huo haujatikisika sana tangu hapo. Tundu la uti wa mgongo liko chini ya fuvu, halijasogea nyuma kama la sokwe, kwa hiyo Zinj alitembea wima. Utosini umesimama ukingo wa mfupa kama upanga wa jogoo, ambapo misuli ya kutafunia ilijishikiza. Kukisia kulianzia hapo: taya kama hilo, wakasema, ni la kuvunjia kokwa. Lakini meno ya jamii yake yalipotazamwa kwa hadubini hayakuwa na vishimo vinavyoachwa na vitu vigumu, na kaboni iliyomo ndani yake inaelekeza kwenye nyasi na ndago. Alikuwa akitafuna kutwa kucha, kama ng'ombe.

Hoja nzito zaidi ni kwamba fuvu moja huenda ni la mtu mmoja wa ajabu. Hiyo ilijibiwa uwanjani. Mwaka 1964 Kamoya Kimeu aliokota Peninj, karibu na Ziwa Natron, taya la chini la jamii hiyohiyo. Koobi Fora, nchini Kenya, ilitoa fuvu jingine la jamii hiyo mwaka 1969, na mwaka 1975 Bernard Ngeneo akapata huko fuvu la Homo erectus katika matabaka ya umri unaokaribiana. Jamii mbili, nchi moja, zama moja: mchoro wa nyani anayeinuka hatua kwa hatua hadi kuwa mtu hauna pa kumweka Zinj.

Na mzozo wa mawe umefufuka. Mwaka 2023 watafiti walieleza kuhusu Nyayanga, upande wa Kenya wa Ziwa Viktoria: zana za zaidi ya miaka milioni 2.5, mifupa ya viboko yenye alama za kukatwa, na magego mawili ya jamaa za Zinj. Safari hii hakuna aliyetangaza kwamba mchongaji amepatikana.