Kikiribati, Neno Lenye Ki- Mbili

Mswahili akilisikia neno Kiribati kwa mara ya kwanza, haraka atawatafuta Waribati. Hawapo. Kiribati ni nchi ya visiwa 33 katikati ya Bahari ya Pasifiki, iliyopata uhuru mwaka 1979, na lugha yake kwa kanuni zetu haina budi kuvaa ki- ya pili: Kikiribati. Wenyewe huiita taetae ni Kiribati.

Je, tungesema Kigilberti, tukiepuka kigugumizi hicho? Visiwa vikuu vya nchi hiyo vilipewa jina la Thomas Gilbert, nahodha Mwingereza aliyepita huko mwaka 1788. Lakini Kiribati ni Gilberts hiyohiyo, ila imepita kinywani mwa wenyeji. Na kinywa hicho kina sheria zake.

Mwaka 1857 mmishonari Hiram Bingham, mzaliwa wa Honolulu, alifika kisiwa cha Abaiang akaanza kuiandika lugha hiyo kwa herufi za Kilatini. Herufi zilizotosha ni 13 tu, ng ikihesabiwa kuwa moja. L haimo, S haimo. Zipo porojo kwamba taipu ya mmishonari ilikosa S. Si kweli: S haikuhitajika. T ikitangulia I hutamkwa karibu na S, na kwa sikio la mwenyeji sauti ni ileile. Kwa hiyo Kiribati husomwa Kiribas, na Kiritimati, kisiwa alichokifikia James Cook mkesha wa Krismasi wa 1777, ni Krismasi yenyewe. Kwenye kisiwa hicho kuna kijiji cha London, nacho huandikwa Ronton.

Anayecheka asisahau nyumbani. Kutokana na kufuata sisi tumepata mfuasi: T yetu nayo iligeuka S mbele ya I. Tofauti ni kwamba sisi tumeyaandika mabadiliko, wao wameyaachia ulimi. Mimi naona wao wamebana matumizi kwa busara zaidi.

Basi wafasiri na watangazaji, naomba mambo matatu. Andikeni Kiribati bila kuongeza wala kupunguza herufi. Hewani, kwa ulimi wetu unaopenda irabu mwishoni, someni Kiribasi. Na lugha iiteni Kikiribati, ki- zote mbili, bila haya.