Simba Ana Filamu, Nyanya Ana Kitambulisho

Nyota wa kike maarufu zaidi kuwahi kutoka Isiolo ni simba. Jina lake Elsa. Mwaka wa 1956 George Adamson, afisa wa wanyamapori wa serikali ya mkoloni huku kaskazini, alimpiga risasi simba jike, halafu akarudi kwake Isiolo na watoto watatu wa simba huyo. Wawili walisafirishwa hadi bustani ya wanyama ya Rotterdam. Yule mdogo kabisa akabaki, akalelewa hapa hapa. Mkewe George, Joy, akaandika kitabu, Born Free, kikatoka 1960, na mwaka wa 1966 kikawa filamu. Ikabeba Oscar mbili, zote za muziki. Watu waliokuwa hawajui Isiolo iko upande gani wa dunia walimlilia simba aliyefunzwa kuwinda, kisha akaachiliwa huru porini kule Meru.

Mwaka huohuo wa 1966, watu wa Isiolo walikuwa wanafungiwa.

Vita vya Shifta vilikuwa vimeanza 1963, wengi wa NFD ya zamani wakitaka kujiunga na Somalia, na serikali changa ya Kenya ikasema hakuna shamba la kugawa hapa. Hali ya hatari ilitangazwa Desemba 1963, hata mwezi wa uhuru haujaisha. Kufikia 1966 amri ikawa kwamba wafugaji wakusanywe kwenye vijiji vya ulinzi, kama Garba Tula na Merti. Nje ya ua, mtu alihesabiwa adui. Ngamia na ng'ombe walipigwa risasi ama wakachukuliwa, ama wakafa tu kwa kukosa malisho, maana mfugo wa jangwani hauishi mahali pamoja. Waborana wanauita wakati huo Gaafa Daaba, wakati wa kusimamishwa. Mtu aliingia na ngamia, akatoka na kadi ya chakula cha msaada.

Nyanya yangu alikuwa msichana ndani ya ua mmojawapo. Picha ya zamani zaidi ya nyanya niliyowahi kuiona ni ile ya kitambulisho, imepigwa na serikali, akiwa mtu mzima, macho yamekaza kama ya mshukiwa. Ya usichana wake hakuna. Simba aliyelelewa Isiolo ana kitabu, filamu, wimbo na kaburi linalotembelewa na watalii.

Nimeanza huko makusudi. Mwaka huu wote nimekuwa nikitazama filamu huru za waelekezi weusi wanaopenda wanawake wenzao, na watu wakiniuliza mtoto wa Isiolo anatafuta nini huko, hilo ndilo jibu langu. Filamu zao zinahangaika na swali la picha ya nyanya. Kama kumbukumbu zote zimewekwa na watu ambao hawakukuona, utathibitisha vipi kwamba ulikuwepo?

Anza na Cheryl Dunye. Alizaliwa Monrovia, Liberia, mwaka uleule wa 1966, akalelewa Philadelphia, Marekani. Mwaka wa 1996 alitoa The Watermelon Woman, ambayo wanahistoria wa sinema wanaitaja kama filamu ndefu ya kwanza kuelekezwa na mwanamke mweusi anayejitambulisha wazi kama msagaji. Ndiyo, nimelitumia neno hilo. Mitaani kwetu hutamkwa kama tusi, lakini kamusi yetu haina lingine fupi, na mimi sioni haya ya kuliazima likiwa safi.

Ndani ya filamu, Dunye anaigiza Cheryl, kijana anayefanya kazi kwenye duka la kukodisha kanda za video. Hapo niliwasha macho. Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, na filamu nilijulia kwenye kibanda cha video, mabenchi ya mbao, DJ Afro akifokea Rambo kwa Kiswahili cha mtaa. Cheryl hana digrii ya historia. Ana kamera, ana rafiki mbishi anayeitwa Tamara, na ana swali. Kwenye sinema za zamani za miaka ya 1930 amemwona mwigizaji mweusi anayecheza kijakazi, na mwishoni jina lake limeandikwa tu "Mwanamke wa Tikitimaji". Cheryl anaamua kumtafuta. Anaingia maktaba, hapati kitu. Anauliza wazee. Anafika kwenye makavazi yanayojiita ya wanawake, anakuta masanduku ya picha za watu weusi yamerundikwa bila mpangilio. Polepole mtu anatokea: Fae Richards, mwimbaji na mwigizaji, aliyependana na mwelekezi mzungu, kisha akaishi miaka mingi na mwanamke mweusi mwenzake.

Halafu mwisho kabisa maandishi yanakuambia kwamba Fae Richards hakuwahi kuishi. Dunye alimbuni. Zile picha kuukuu zilipigwa na msanii Zoe Leonard, akitumia waigizaji na mavazi ya zamani.

Niliitazama na rafiki yangu mmoja. Jina lake na mtaa wake vitabaki kwangu. Anapenda wanawake, na Isiolo nzima tunaojua hatuzidi wawili. Tulipunguza sauti ya kompyuta, mlango tukaufunga kwa komeo. Ilipofika pale mwisho alinyamaza, akaniuliza, "Kwa hivyo Fae hajawahi kuwa?"

"Ameundwa."

"Aki huo ni ukora. Mimi nilikuwa nishampenda."

Hasira yake ilinifafanulia filamu kuliko makala yoyote niliyosoma. Kwa saa moja unusu alikuwa amepata babu na bibi wa aina yake, kisha akanyang'anywa. Dunye alitaka uhisi huo unyang'anyi mwilini. Wanawake kama Fae walikuwepo, hilo halina shaka. Waliokosekana ni watu wa kuandika majina yao. Basi akajaza nafasi kwa kubuni, na akawa mwaminifu kukuambia kwamba amebuni. Sijui ni makavazi mangapi ya serikali yana uaminifu wa kiasi hicho.

Filamu hiyo ilipata dola 31,500 za mfuko wa umma wa sanaa, na wanasiasa wa Marekani wakapiga kelele bungeni kwamba kodi ya wananchi imetupwa kwenye uchafu. Ikapewa tuzo ya Teddy kule Berlin hata hivyo. Mwaka wa 2021 Maktaba ya Bunge, ya nchi ileile, iliiweka kwenye orodha ya filamu za kuhifadhiwa kwa vizazi. Miaka 25 kutoka uchafu hadi urithi.

Siku nyingine nikamwekea rafiki yangu kazi ya Yvonne Welbon ya 1999, Living with Pride. Inamhusu Ruth Ellis, aliyezaliwa 1899 jimbo la Illinois, mwanamke mweusi aliyeishi Detroit na mpenzi wake miaka na miaka, akifanya kazi ya uchapishaji nyumbani. Nyumba yao ilikuwa kimbilio la vijana weusi wasiokuwa na kwingine kwa kwenda. Kwenye filamu anafikisha miaka 100 na bado anacheza densi.

"Huyu naye wamebuni?"

"Huyu ni wa kweli."

Akatazama hadi mwisho bila kushika simu. Kisha, "Sawa. Wa huku yuko wapi?"

Wa Afrika yupo. Beverley Palesa Ditsie wa Soweto alisimama mbele ya mkutano wa wanawake wa Umoja wa Mataifa kule Beijing mwaka wa 1995, akadai haki za wanawake wanaopenda wanawake zitajwe. Mwaka wa 2002, pamoja na Nicky Newman, alitoa Simon & I, kuhusu urafiki wake na mwanaharakati Simon Nkoli. Anasimulia historia ya harakati kama mtu aliyekuwa ndani, ikiwemo walipokosana. Lakini rafiki yangu aliuliza huku, na huku ni Kenya.

Siwapangi waelekezi wa Kenya kwenye fungu la akina Dunye. Maisha yao ni yao. Naangalia kazi. Mwaka wa 2014 kundi la Nest la Nairobi lilitoa Stories of Our Lives, iliyoelekezwa na Jim Chuchu. Ilianza kama sauti. Walizunguka wakirekodi Wakenya mashoga na wasagaji wakisimulia maisha, kisha wakachagua visa vitano wakaviigiza kwa nyeusi na nyeupe. Kimoja ni cha wasichana wawili wa shule. Kingine kina mwanamke anayelala akiwaza sheria mpya zitamfukuza, akikumbuka hadithi ya Wakikuyu kwamba ukizunguka mti wa mugumo mara saba unabadilika jinsia. Hapo filamu inafanya kazi ya mwanahistoria. Kwa wanaosema mambo haya yameletwa na ndege, inajibu kwa hadithi ya mugumo.

Filamu ilipigwa marufuku Oktoba 2014, na mtayarishaji wake, George Gachara, akakamatwa kwa kupiga filamu bila leseni.

Nne mbele, Aprili 2018, ikaja zamu ya Rafiki ya Wanuri Kahiu, iliyotokana na hadithi fupi ya Mganda Monica Arac de Nyeko. Kena na Ziki, mabinti wa wagombea wawili wanaoshindania kiti kimoja, wanapendana mtaani Nairobi. Kahiu ameeleza kwamba jina limetoka kwa mazoea ya wapenzi wa kike huku kutambulishana kwa neno hilo. "Huyu ni rafiki yangu," na yanaishia hapo. Ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa kwa tamasha la Cannes. Bodi ya filamu ilitaka mwisho ubadilishwe, maana ulikuwa na matumaini kupita kiasi. Kahiu akakataa, bodi ikaipiga marufuku. Septemba Jaji Wilfrida Okwany alisimamisha marufuku kwa siku saba, watu wazima wakapanga foleni Nairobi kuitazama. Aprili 2020 Mahakama Kuu ikaunga mkono bodi.

Sisi wa Isiolo hatukupata hata hizo siku saba, kwa sababu hatuna jumba la sinema. Lakini kuna kitu kwenye kesi hizo tunachokijua vizuri kuliko watu wa Nairobi, nacho ni ruhusa. Wakati wa mkoloni NFD ilikuwa eneo lililofungwa, na Isiolo ndio mlango. Bila pasi hukuingia, hukutoka. Sheria iliyotumika dhidi ya filamu hizi ni ya 1962, mwaka mmoja kabla ya bendera kushuka. Inataka mwenye kuomba leseni apeleke maelezo kamili ya kila onyesho, pamoja na maneno yote yatakayotamkwa, kabla ya kuwasha kamera. Ni pasi ileile, ila ya hadithi. Wakuu wanaotuambia wanalinda mila za Kiafrika wameshika karatasi aliyoiacha Mwingereza.

Usifikirie kwamba ruhusa ikiondoka basi kila mtu atakimbilia kamera. Rafiki yangu hatakimbilia. Kwake kutoonekana ndiyo nyumba anayolipia kodi: kazi yake, mama yake, kiti chake kwenye harusi za ukoo. Watu wa Nest walilielewa hilo; walichukua sauti za watu na sura zikawa za waigizaji. Kuna kufichwa na kuna kujificha, na mwandishi ama mwelekezi asiyejua tofauti ataumiza watu kwa jina la kuwatetea. Pale Archer's Post, kijiji cha wanawake cha Umoja kilichoanzishwa 1990 na Rebecca Lolosoli na wenzake kimepigwa filamu na wageni wa kila taifa. Kuonekana kwao si haba. Lakini jiulize ni ngapi zilielekezwa na msichana aliyezaliwa pale.

Mwezi uliopita nilimwomba nyanya anisimulie kijiji cha ulinzi. Akakubali, akaweka masharti: sauti sawa, uso hapana, na TikTok nisithubutu. Alinieleza habari za foleni ya unga, na askari, na ngamia wa baba yake aliowajua kwa majina. Kisha akataja wajane wawili waliojenga nyumba moja ndani ya ua, wakalea watoto wao pamoja, na amri ilipoondolewa wakakataa wachumba wote wakaendelea kuishi hivyo mpaka mmoja akafa. Yule aliyebaki, nyanya akasema, alinyoa nywele kama aliyefiwa na mume.

Nikamuuliza watu waliwaitaje. Akasema waliwaita kwa majina yao.

Sitawapachika neno langu. Wala sitaruhusu mtu aniambie hawakuwepo. Ni dakika 52 za sauti, nimezihifadhi kwenye simu na kwenye flashi, na majina yao wote wawili yamo.