Usemi kwa watoto wachanga

Usemi kwa watoto wachanga ni namna ya kuzungumza ambayo watu wazima, na hata watoto wakubwa, huitumia wanapomsemesha mtoto ambaye bado hajaimudu lugha. Sauti hupanda, kiimbo hubadilikabadilika kuliko kawaida, mwendo hupungua, sentensi huwa fupi na maneno hurudiwa. Mwaka 1964 mwanaisimu Mmarekani Charles Ferguson alilinganisha usemi huu katika lugha sita, zikiwemo Kiarabu, Kihispania na Kimarathi, akakuta sifa zinazofanana, hasa silabi zinazorudiwa. Utafiti wa Patricia Kuhl na wenzake, uliochapishwa mwaka 1997, ulionyesha kuwa akina mama wa Marekani, Urusi na Uswidi huzipambanua irabu zaidi wanapozungumza na watoto wao wa miezi 2 hadi 5.

Watoto wachanga kwa kawaida huvutiwa zaidi na usemi huu kuliko mazungumzo ya watu wazima. Hata hivyo, urahisishaji huo si sharti la kujifunza lugha. Watafiti Elinor Ochs na Bambi Schieffelin walieleza jamii za Samoa na Wakaluli wa Papua Guinea Mpya, ambako wazazi hawana desturi ya kuwarahisishia watoto lugha, na watoto hujua kuzungumza vilevile.